Mtaa Ulioacha Sukari

Daktari alipotaja kumi na tisa, Mzee Bisimwa aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa namba ya wimbo wa kufungulia ibada. Ernestine, mkewe, aliyekaa kando yake na mkoba mapajani, hakuitikia. Aliuliza inatakiwa iwe ngapi. Daktari akasema saba, ikizidi sana nane, na kwa kuwa Kiingereza cha Ernestine kilikuwa cha kuokoteza, akamnyooshea vidole ili asikosee. Saba ilionekana vizuri. Kumi na tisa ilimshinda, vidole havikutosha.

Kisha akammulika mzee ndani ya macho kwa tochi ndogo, kushoto na kulia, akarudia kushoto. Mishipa ya nyuma ya macho ilikuwa imeanza kuvuja, alisema. Kilichoharibika hakitarudi. Kilichobaki kinaweza kubaki, sukari ikishuka na ikakaa chini. Atameza vidonge kila siku, nsima, ugali wa huku, atapunguza, mboga ataongeza, na sukari ya kwenye chai, uji na soda ataisahau. Warudi baada ya miezi mitatu. Alipokuwa akiandika tarehe aliuliza mzee anafanya kazi gani, Ernestine akajibu ni fundi cherehani. Daktari aliongeza mstari mmoja kwenye karatasi, na Ernestine aliuogopa mstari ule kuliko namba yenyewe.

Hospitali ilikuwa Likuni, mbali na kambi yao ya wakimbizi ya Dzaleka, na majirani walikuwa wameambiwa kwamba mzee na mkewe wanakwenda soko la Tsoka mjini kununua vifungo. Basi ikabidi wapite Tsoka, wanunue vifungo ambavyo hawakuvihitaji, ili uongo upate ushahidi. Katika minibasi ya kurudi Dzaleka, Bisimwa aliificha bahasha ya hospitali ndani ya koti akamsogelea mkewe.

"Mama Charlène, hii maneno ibakie hapa kwetu," alisema. "Dosie yetu ya kwenda ng'ambo iko ndani miaka tisa. Bakisikia niko mgonjwa bataiweka chini ya zingine."

"Nani alikuambia bagonjwa habaendake?"

"Kila mutu anajua."

Na kweli kila mtu Dzaleka alijua. Hakuna aliyeweza kutaja nani alisema, wala karatasi gani iliandika, lakini mtu akikohoa siku mbili mfululizo alikohoa mlango ukiwa umefungwa, asije akapoteza Kanada yake kwa kifua. Methali ya mficha maradhi walikuwa nayo, waliihubiri hata kwenye mazishi, kisha wakarudi nyumbani kuficha yao. Ernestine aliapa. Aliapa upesi mno, kama tunavyoapa sote tukiwa tumechoka na safari haijaisha.

Sasa, Bisimwa na sukari walikuwa watu wa zamani. Chai yake ya asubuhi ilitiwa vijiko vitano, uji wake ulitiwa vinne, na saa kumi alasiri alipenda kikombe kingine "cha kuamsha mikono." Ukimwuliza, alikujibu kwamba uchungu aliunywa wa kutosha njiani toka Bukavu, na hakuna mtu wa kumnywesha mwingine. Lilikuwa neno la mzaha lakini halikuwa mzaha. Katika kambi ambako ulingoja mgao, ukangoja karatasi, ukangoja jina lako libandikwe, kijiko cha sukari kilikuwa kitu pekee ulichoweza kuongeza kwa mkono wako mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa.

Ernestine aliyajua hayo yote, na hayakumzuia. Alipunguza kijiko kimoja kila baada ya siku tatu. Alipofika kwenye kimoja alilifunga kopo lote ndani ya kitambaa, akalipeleka kwa binti yao Charlène, aliyeolewa Area 36, mtaa wa mjini, na kuuza mandasi sokoni huko. Nyumbani hapakubaki chembe ya kumtia hata sisimizi majaribuni. Bisimwa alinung'unika wiki ya kwanza. Wiki ya pili alinyamaza, na hapo ndipo Ernestine aliposhtuka, maana mwanamume aliyenyimwa kitu akanyamaza amekipata kwingine.

Asubuhi mzee alimwomba amtungie uzi kwenye sindano tatu kabisa, za kutumia mpaka jioni, akadai kwamba dirisha lile halina mwanga. Mtungi wa maji aliumaliza mara mbili kwa siku. Usiku aliamka mara nne kwenda nje. Vidonge alikuwa akimeza, Ernestine alivihesabu. Basi sukari ilikuwa inaingia kwa mlango gani?

Ijumaa alimfuata. Bisimwa alikuwa mzee wa kanisa, na kila Jumanne na Ijumaa alizunguka nyumba za waumini na Biblia yake kwapani, akiwaombea wagonjwa na kuwapatanisha waliogombana. Ernestine alichukua bakuli tupu kama mtu anayerudisha la wenyewe, akapita kwa nyuma, nyumba baada ya nyumba. Nyumba ya kwanza mzee alipewa chai. Ya pili alipewa chai. Ya tatu ilikuwa ya Dévote, jirani yao mwenye masikio makubwa kuliko redio ya mtaa, na Ernestine akaingia jikoni kwake kumsalimia.

Hapo aliona kwa macho yake. Watu wa kwao hawamwekei mzee wa kanisa bakuli la sukari mezani. Kumwekea bakuli ni kumwambia ajipimie, na mgeni anayejipimia ni mgeni anayehesabiwa. Kikombe cha mzee kinatiwa sukari jikoni na mama wa nyumba, kwa mkono wake, na wingi wa vijiko ndio heshima. Dévote alitia kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, huku akiongea habari za kuku aliyepotea. Alitia cha sita. Ernestine alishusha pumzi, akidhani yameisha.

"Na hii ya saba ni ya baraka," alisema Dévote, akakoroga.

Ernestine alikaa kwenye kigoda, bakuli tupu mapajani, akamtazama mwanamke mwema akiyabeba macho ya Bisimwa kwenye sinia. Alitamani kuipiga sinia teke. Badala yake alisema zikomo, asante kwa kiti, akaenda zake.

Jioni hiyo alimngoja mumewe avue koti.

"Leo ulikunywa bikombe bitatu."

Bisimwa hakukana. Mzee wa kanisa hasemi uongo, anachelewa tu kusema kweli. "Ningefanya nini? Niache chayi ya mama wa batu ibaridi pa meza? Atasema mzee amesikia maneno mubaya juu ya nyumba yake."

"Umwambie daktari alikataza."

"Hiyo njo kusema niko mgonjwa."

"Na macho?"

Mzee aliugusa usukani wa cherehani akauzungusha kidogo bila kitambaa, kwa mazoea. Alisema Mungu anajua. Ernestine alijibu kwamba Mungu anajua, na daktari naye anajua, ni mtaa tu usiojua, na mtaa ndio unaotia vijiko. Lakini alikuwa ameapa. Akaenda kulala na hasira yake, akiona mbele yake mwanamume kipofu na mashine iliyofunikwa kwa shuka.

*

Kumbe aibu ilikuwa bado njiani. Nyumba isiyo na sukari haiwezi kujificha muda mrefu, kwa sababu wageni huja. Alikuja Dévote mwenyewe kuazima mkasi, akakaribishwa chai. Alipiga funda moja, akakitazama kikombe ndani kama mtu aliyeangusha kitu mle. Ernestine akasema sukari imeisha. Wiki iliyofuata alikuja Odette, mjane aliyekuwa akishona vifungo na kupiga pasi kwa Bisimwa, na sukari ilikuwa imeisha vilevile. Fundi mwenye kazi kila siku, nyumba yenye cherehani mbili, sukari inaisha kila wiki?

Maneno yakaanza. Mama Charlène amekuwa mkono wa birika. Mama Charlène anaficha kopo chini ya kitanda. Siku moja Odette alikuja kazini na kipakiti chake cha sukari amekifunga kwenye ncha ya kitenge, akakifungua mbele ya mwenyeji wake bila ubaya wowote, akajitilia chai, kisha kwa wema akamuuliza Ernestine kama anahitaji kidogo. Ernestine alisema hapana, asante. Masikio yalimwaka mpaka jioni. Alikuwa amewahi kukimbia vita, kulala kwenye mvua na kuomba chumvi kwa watu asiowajua, lakini hakuwahi kuonewa huruma ya sukari nyumbani kwake.

Kisha upepo ukageuka, na ukageuka kwa njia ambayo ni watu wa Dzaleka pekee wanaoweza kuugeuzia. Mwanakwaya mmoja, Marlène, alikuwa amekwenda Likuni kumwona shangazi yake aliyejifungua, akawaona mzee na mkewe wakitoka hospitali na bahasha. Alilisema neno hilo jikoni kwa Dévote. Dévote aliweka pamoja bahasha, safari iliyofichwa na chai isiyo na sukari, akajumlisha vizuri sana, akapata jibu lisilo sahihi. Nani kambini anasafirishwa mpaka hospitali ya mbali kupimwa mwili mzima, anarudi na bahasha, haambii mtu? Ni yule ambaye jina lake limetoka.

Alimfuata Ernestine kwenye bomba la maji, akaweka ndoo chini, akashusha sauti.

"Mama Charlène, mi niko kama dada yako. Ni Kanada ao ni Amerika?"

Ernestine hakuelewa mara moja. Alipoelewa, mdomo ulifunguka kusema hapana. Lakini Dévote hakuwa amemaliza.

"Na ile sukari mbona muliacha? Njo benye kupima balisema?"

Ilikuwa Alhamisi. Kesho yake Bisimwa angeketi tena kwa Dévote, na vijiko saba vingemngoja. Ernestine alilitazama bomba, akautazama mkono ule uliotia cha saba kwa baraka, na shetani mdogo, yule ambaye hata wake za wazee wa kanisa wanaye, akamkalia begani.

"Daktari alituambia tuache sukari," alisema polepole. "Hata nsima tupunguze. Zaidi ya hapo mi siwezi kusema."

Kila neno lilikuwa kweli. Angeweza kulisema mahakamani, mkono juu ya Biblia. Dévote aliinua ndoo kichwani akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyebeba yai, na Ernestine akajua kwamba kabla nsima ya jioni haijaiva mtaa mzima utakuwa umejua.

*

Ijumaa hiyo Bisimwa alirudi mapema, ameshangaa. Nyumba nne, vikombe vinne, na vyote vichungu. Kwa nyumba ya kwanza alidhani mama wa watu amesahau, akavumilia. Kwa nyumba ya pili alidhani ni bahati mbaya. Nyumba ya nne alijikuta akiomba sala fupi sana. Alimwuliza mkewe kama duka la Kasongo limefungwa. Ernestine, akiinamia sufuria ya mboga, alijibu kwamba labda maisha yamekuwa magumu.

Maisha yalikuwa vilevile. Kilichobadilika ni kwamba mtaa ulikuwa unajiandaa kwa vipimo vya safari. Ikasemwa kwamba wazungu wa siku hizi hawaangalii tena kifua, wanaangalia sukari. Ikasemwa kwamba mwenye sukari nyingi damuni jina lake linarushwa mwaka mzima. Mama mmoja alimpokonya mumewe chupa ya soda harusini, mbele ya bwana harusi. Mahali pa mandasi watu walikula viazi vitamu vya kuchemsha, wakitazamana kwa ujanja, kila mmoja akidhani mwenzake hajajua siri. Waliokuwa wakisema Ernestine ni mkono wa birika sasa walimwamkia wakiwa mbali, na Odette hakuja tena na kipakiti.

Ernestine alifurahi, na hatusemi uongo, alifurahi kwa wiki tano nzima. Mzee aliacha kuamka usiku. Mtungi wa maji ulifika jioni ukiwa na kitu. Mara moja alimwona akisoma Zaburi bila kuisogeza Biblia dirishani, akaenda nyuma ya nyumba akalia kidogo, kwa raha tu. Akajiambia kwamba hajamdhuru mtu. Nani aliwahi kufa kwa kukosa sukari ya chai?

Aliyekuwa anakufa ni Kasongo. Kasongo alitoka Kindu, mfanyabiashara toka tumboni mwa mama yake, na duka lake ndilo lililouza sukari kwa vipakiti mtaa wote. Magunia mawili yalikuwa yamesimama wiki ya sita bila kuguswa, sisimizi wakala vizuri. Jumatano moja alikuja kwa Bisimwa, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha mguu mmoja mbele kwa uangalifu, akasema hakuja kushona.

"Mzee, mi niko Mwislamu, we uko Mukristo, lakini biashara ni ya wote," alisema. "Uende unisemee kule kanisani. Uambie batu kama we unaenda Kanada, uende na amani. Lakini sukari yangu inabafanya nini?"

Bisimwa aliinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona. "Nani anaenda Kanada?"

"We."

"Mi?"

"Na mama. Kila mutu anajua."

Mzee alimgeukia mkewe. Ernestine alikuwa anakunja shati lililokwisha kukunjwa, akalikunjua, akalikunja upya. Kasongo, ambaye hakuwa mjinga, aliaga haraka akaondoka akichechemea.

Hapo nyumbani palikuwa na maneno, na hatutayaandika yote. Bisimwa alimwambia mkewe amemfanya mwongo mbele ya kundi lake. Mkewe alijibu kwamba hakusema hata neno moja la uongo, na mumewe akasema ndiyo maana ni mbaya zaidi. Akaamua kwamba litatangazwa: hakuna safari, hakuna vipimo, basi. Ernestine akamuuliza Ijumaa atakunywa nini kwa Dévote. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya kurudi Likuni, na wote wawili walizihesabu kimoyomoyo.

"Tungoje kwanza turudie kipimo," alisema mzee mwishowe, bila kumtazama. "Ni siku kumi na mbili tu."

Na labda wangengoja, maana hata kundi likiwa na mchungaji mwema, mchungaji naye ana macho mawili tu. Lakini Jumamosi asubuhi Odette alichelewa kazini, mkono umeshika kiuno. Ernestine akamuuliza. Odette akacheka kwa haya, akasema ni mkeka, bado hajauzoea. Godoro ameliuza. Alikuwa na godoro moja zuri, alilolinunua kwa miaka miwili ya kupiga pasi, na aliliuza mwanzoni mwa wiki ili apate viatu vya kwendea kwenye vipimo jina likitoka, kwa kuwa kule Kanada, alisema, vitanda viko tayari.

Ernestine alikaa chini. Hakusikia aibu ya aina hiyo hata siku ya kipakiti cha sukari. Alimpa Odette chai, wakanywa zote chungu, na ya Ernestine ilikuwa chungu kuliko.

*

Jumapili, wakati wa matangazo, alisimama bila kuitwa. Bisimwa alikuwa mbele, kwenye benchi la wazee. Alipomwona mkewe ananyanyuka alifumba macho, na Ernestine akajua kwamba ameshamwelewa na kwamba hataki. Akaendelea kusimama.

"Hatuende Kanada," alisema. "Hakuna mwenye alituita. Kule Likuni tulienda juu mzee iko na ugonjwa ya sukari, na macho yake ilikuwa inaisha. Muliniuliza nikanyamaza, nikabaacha mufikiri bile munataka. Mulikuwa munamuua na chayi yenu, munamuua na mapendo, na mi sikukuwa na namna ya kubakataza. Munisamehe. Sana sana Mama Odette."

Hata watoto walinyamaza, na watoto wa Dzaleka hawanyamazi ovyo. Kisha sauti ya Odette ikatoka upande wa akina mama, ndogo lakini ya kusikika.

"Na godoro yangu?"

Baadhi walicheka, wakajuta kucheka. Baada ya ibada kamati ya akina mama ilikaa chini ya ukuta wa kanisa ikamtoza faini Ernestine: godoro, jipya, la unene uleule. Dévote ndiye aliyeongoza kikao, na aliongoza kwa ukali wa mtu aliyejumlisha vibaya mbele ya watu. Ernestine alikubali yote. Kilichomchoma hakikuwa faini. Bisimwa alitangulia nyumbani peke yake, akapita katikati ya watu wakimpisha kama wanavyopisha jeneza, na siku nne hakumsemesha ila kuomba chumvi.

Jumanne mzee hakutaka kwenda kwenye ziara zake. Alikwenda kwa kuwa kulikuwa na mgonjwa. Kwa Dévote kikombe kililetwa, na Dévote hakurudi jikoni kama desturi. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamtazama mzee akinywa chai isiyo na sukari mpaka tone la mwisho, kisha akachukua kikombe akasema kwamba atakayemtilia mzee hata punje, yeye Dévote atashughulika naye. Bisimwa alimwombea baraka.

Siku ya kipimo walikwenda Likuni wakiwa na kimya chao. Damu ikachukuliwa, wakangoja, daktari akaja na karatasi. Nane na nusu. Alimmulika mzee machoni kwa muda mrefu, akasema kuvuja kumesimama, na kwamba akiendelea hivi ataendelea kushona. Ernestine alijifunika uso kwa kitenge. Walipotoka nje, kwenye kivuli cha ukuta, Bisimwa akasema neno lake la kwanza refu tangu Jumapili ile.

"Ulinipa haya mbele ya kanisa lote."

"Ndiyo."

"Ungeniuliza, ningekataa."

"Njo maana sikukuuliza."

Mzee akamshika mkono, jambo ambalo wazee wa kanisa hawalifanyi barabarani, wakaenda Tsoka pamoja. Safari hii hawakununua vifungo. Walinunua godoro, likapakiwa juu ya minibasi, na toka barabarani mwendesha kabaza akalibeba mpaka mlangoni kwa Odette, baiskeli yote haionekani isipokuwa magurudumu.

*

Dosie yao ilikuwa pale ilipokuwa, juu au chini ya zingine, hakuna aliyejua. Bisimwa alikuwa ameshaizika moyoni, na ilimuuma. Alichotazamia ni mtaa kumkwepa. Mtaa haukumkwepa. Mtaa ulianza kuleta nguo.

Wa kwanza alikuwa mzee mwenzake wa benchi, na suruali isiyo na tatizo lolote. Alikaa, akazungumza habari za mvua, akasogeza kiti, akauliza eti ule ugonjwa unaanzaje. Kiu? Na kwenda nje usiku? Mara ngapi? Akasema anamuulizia rafiki. Wiki hiyo marafiki walikuwa wengi. Marlène alikuja kumuulizia mama yake, akalia. Dévote alikuja na sketi, akasema miguu yake inawaka moto jioni miaka mitatu sasa, na ameona afadhali tangu aache sukari kwa ajili ya Kanada isiyokuwapo, na kama Ernestine atamwambia mtu, atajua. Ernestine alimwandikia jina la hospitali na siku. Kila mmoja alikuwa amejificha kwa hofu ileile, mlango kwa mlango, wakitiliana vijiko saba.

Jumatatu alikuja Sifa, mke wa Kasongo, na gauni mkononi. Alifunga mlango nyuma yake. Kichwa kinamzunguka, alisema, na kidonda cha mkono hakiponi mwezi wa pili. Alitaka siku ambayo hapana watu wa kambi. Kasongo asijue kabisa, kwa sababu atasema mkewe ameila faida yote ya duka kwa kijiko. Ernestine akamwambia aende Alhamisi.

Jumanne, saa ileile, alikuja Kasongo. Alikuwa na kanzu ya kupunguzwa, na kanzu ilikuwa fupi tayari. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha mguu, na safari hii akavua kiatu. Kidole kikubwa kilikuwa cheusi pembeni. Mwenye magunia mawili ya sukari alikitazama kidole chake kama mali iliyoharibika njiani.

"Miaka mbili," alisema. "Sikuambia mutu. Na Sifa asijue, Mama Charlène, ninakuomba. Akijua atanifungia duka. Niende siku gani?"

Ernestine alikuwa ameomba msamaha mbele ya watu wote, na moyoni akamwahidi Mungu kwamba hatachezea tena masikio ya mtu. Alimtazama mumewe kwenye cherehani. Bisimwa alikuwepo jana Sifa alipokuja, na alikuwa amesikia yote.

"Kidole hii haingoje," alisema Ernestine. "Uende Alhamisi, na minibasi ya kwanza."

"Hakuna mutu wa hapa atanionaka kule?"

"Hakuna mwenye atakusemelea."

Kasongo alishukuru mara tatu, akavaa kiatu polepole, akasahau kanzu, akarudi kuichukua. Alipofika mlangoni Bisimwa aliinua uso kwenye kitambaa, uso wa mzee wa kanisa, mtulivu kabisa.

"Papa Kasongo," alisema, "kule benchi ni fupi. Ukifika, uwekee mutu mumoja nafasi."